Je, wajua kwa nini mtoto mwenye kipaji hukosekana kwenye orodha ya mwalimu?

Wahenga walisema chema chajiuza. Kwa miaka mingi nikiwa mwalimu wa shule ya msingi niliamini msemo huo unawahusu na watoto: mwenye akili ya pekee atajitokeza tu, awe ameketi dawati la mbele au la nyuma kabisa. Ndiyo maana siku niliyoombwa majina matano ya wanafunzi wa Darasa la Nne wenye vipaji ili wapewe masomo ya ziada, sikutumia hata dakika kumi. Niliandika wanaonyoosha mikono, wenye madaftari safi, wanaojibu kwa sauti inayosikika.

Wiki chache baadaye nilikuwa nasahihisha hesabu. Daftari moja lilikuwa na majibu matupu, yote sahihi, bila njia hata moja. Nikajua huyu kaangalizia. Nikamwita binti mwenyewe mezani, nikampa 25 mara 16. Hakugusa kalamu.

"Mia nne, mwalimu."

Umepataje?

"Ishirini na tano nimeifanya hamsini, kumi na sita ikawa nane. Tena hamsini ikawa mia, nane ikawa nne."

Upande mmoja anazidisha kwa mbili, upande wa pili anagawa kwa mbili, na jibu halibadiliki. Sikuwa nimewafundisha hivyo, na nilipomuuliza nani kamwonyesha, alinishangaa. Alidhani kila mtu hufanya hivyo. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya sabini, na jina lake halikunijia kabisa nilipoandika ile orodha.

Baada ya hapo nikajiambia kwamba tatizo ni mimi: ningekuwa makini zaidi ningemwona. Kosa langu la pili lilikuwa hilo, na lilinichukua muda mrefu kuliacha. Umakini husaidia, lakini shida kubwa iko kwenye utaratibu wenyewe wa kuomba majina.

Ushahidi mzuri ninaoufahamu unatoka Broward, jimbo la Florida nchini Marekani, kwenye mojawapo ya mamlaka kubwa za shule za umma nchini humo. Zamani mtoto wa huko aliingia kwenye mpango wa wenye vipaji kwa hatua mbili. Kwanza mwalimu au mzazi ampendekeze, kisha mwanasaikolojia ampime kwa kipimo cha akili cha IQ. Alama iliyotakiwa ilikuwa 130, na kwa watoto wa familia maskini na wanaojifunza Kiingereza ilishushwa hadi 116. Ungetarajia kizingiti hicho cha chini kijaze madarasa watoto wa kimaskini. Hakikujaza. Mwaka 2005 mamlaka hiyo ikaamua kila mtoto wa darasa la pili afanye jaribio fupi la maumbo na ruwaza, lisilohitaji kusoma, na atakayefanya vizuri apelekwe kwa mwanasaikolojia. Vizingiti vya mwisho vilibaki vilevile.

Wachumi David Card na Laura Giuliano walichunguza kilichotokea. Kiwango cha watoto wa kipato cha chini waliotambuliwa kilikaribia kuwa mara tatu. Watoto weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliongezeka sana, na ikaonekana hata wasichana walikuwa wakipendekezwa pungufu ya walivyostahili.

Sasa tuone kwa nini kushusha kizingiti hakukusaidia, ilhali kupima wote kulisaidia. Fikiria mama anayepepeta mchele. Ungo wake ukiwa mzuri, atatenganisha punje na pumba bila shida. Lakini ungo haupepeti mchele ulioachwa guniani. Ukimpa ungo bora zaidi, au ukamwambia asiwe mkali sana na punje zilizovunjika, zile za guniani zitabaki hukohuko. Kipimo cha Broward kilikuwa ungo. Pendekezo la mwalimu au mzazi ndilo lililoamua kipi kimwagwe juu yake.

Na kwa nini wengine hawakumwagwa? Hapa upimaji wa macho unanisaidia kuelewa. Mtoto asiyeona vizuri ubaoni mara nyingi halalamiki, kwa sababu hajawahi kuona vingine. Mzazi wake naye hajui. Mhudumu wa afya akikaa kituoni kusubiri wenye malalamiko, atawapata wachache. Akipita dawati kwa dawati na chati yake, atawapata na wale waliodhaniwa wavivu. Kipaji kina tabia hiyohiyo. Mwenye nacho haoni ajabu, kama binti yule na hamsini yake. Mwalimu naye huona kinachoonekana: lugha fasaha, kujiamini, daftari lililofunikwa vizuri. Mengi ya hayo mtoto huja nayo kutoka nyumbani. Huko Florida, wazazi wenye uwezo waliweza hata kumlipa mwanasaikolojia binafsi.

Tahadhari moja: kupima wote hakufanyi kipimo kiwe kamilifu. Lewis Terman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyeanza kutafuta na kuchunguza watoto wenye akili nyingi huko California mwaka 1921, aliwapima William Shockley na Luis Alvarez na kuwaacha, alama zao hazikutosha. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja 1956, mwingine 1968.

Kwetu Tanzania, shule za sekondari za vipaji maalumu kama Ilboru, Mzumbe na Kilakala huchukua wanafunzi kwa matokeo ya mtihani wa Darasa la Saba. Mtihani huo wanaufanya wote, kwa hiyo hakuna anayeachwa guniani kwa kukosa kupendekezwa. Ila unauliza kilichofundishwa, na unakuja mwishoni mwa miaka saba. Shule ikikosa mwalimu wa hisabati, pengo hilo huonekana kwenye alama za watoto wake.

Jambo lililonishangaza zaidi linahusu msaada wenyewe, yaani kuwafundisha watoto waliotambuliwa katika darasa lao la pekee. Shule za Broward zilizokuwa na watoto wachache wenye vipaji zilijaza nafasi zilizobaki za darasa hilo kwa wanafunzi waliokuwa na alama nzuri za mitihani ya mwaka uliotangulia. Card na Giuliano walipolinganisha, walioingia kwa IQ hawakuonyesha ongezeko la wazi la alama. Walioingia kwa alama ndio waliopanda, hasa weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Sababu yake bado inajadiliwa.

Upimaji wa wote ulisitishwa mwaka 2010, bajeti ilipobana baada ya mdororo wa uchumi. Vizingiti vilikuwa vilevile, na pengo likarudi.