Nadharia ya vyanzo vinne, au kwa nini watu wanabishana nani kaandika Torati

Kama ushawahi kusimama kwenye mhadhara wa wazi, Waislamu upande huu Wakristo upande ule, basi hii umeiona. Mtu anafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 34, anasoma kwa sauti pale Musa anapofariki kule Moabu, anazikwa bondeni, na hakuna anayejua kaburi lake mpaka leo, halafu anawageukia watu anauliza, jamani, marehemu anaandikaje msiba wake mwenyewe? Hapo ni takbiri huku, haleluya kule, na mjadala ndo umeishia hapo, na mimi hii huwa inaniuma kwa sababu swali lenyewe ni zuri sana na lina miaka mingi kuliko mihadhara yetu yote.

Torati tunayoongelea ni vile vitabu vitano vya mwanzo, yaani Mwanzo, Kutoka, Mambo ya Walawi, Hesabu na Kumbukumbu la Torati. Na swali hili la kaburi la Musa marabi wa Kiyahudi waliliona kitambo. Kwenye Talmudi, yaani mkusanyiko wa mafundisho na mijadala ya marabi wa zamani, sehemu inaitwa Bava Batra, kuna rai mbili zimewekwa pamoja: moja inasema Musa aliandika mpaka hapo, aya nane za mwisho zikaandikwa na Yoshua, nyingine inasema hapana, Mungu alitamka na Musa akaandika hata kifo chake, ila aya hizo aliziandika kwa machozi. Hakuna aliyefukuzwa kwenye dini kwa kushika rai hii au ile.

Sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba ukiuliza "nani kaandika Torati" unakuwa umeuliza maswali matatu kwa mpigo bila kujua: neno ni la nani, mkono ulioandika ni wa nani, na kitabu kilikamilika lini kikawa hivi tunavyokisoma. Huyu anajibu la kwanza, yule anajibu la tatu, wanaonana waongo.

Nadharia ya vyanzo inashughulika na hilo la pili na la tatu. Inasema Torati imesukwa kama mkeka, ukindu wa rangi tofauti umepishanishwa, na ukitulia unaweza kufuata kila rangi inapita wapi. Usiniamini mimi, chukua Biblia yako ya Union Version. Mwanzo sura ya 1 yote Muumba anaitwa "Mungu" tu. Ukifika 2:4 ghafla anaanza kuitwa "BWANA Mungu", hilo BWANA la herufi kubwa ni mahali ambapo Kiebrania kina lile jina takatifu lenye herufi nne (YHWH), na hiyo "Mungu" ni Elohim. Na sio jina tu lililobadilika, maana sura ya 1 watu wanaumbwa mwisho baada ya wanyama, sura ya 2 Adamu anaumbwa kwanza ndo wanyama wanafuata.

Gharika ndo inaonyesha vizuri zaidi. Mwanzo 6:19 Nuhu anaambiwa aingize wanyama wawili wawili wa kila aina, 7:2 anaambiwa walio safi aingize saba saba. 7:17 inataja siku 40, 7:24 maji yana nguvu juu ya nchi siku 150. Wasomi wakachukua aya zenye "BWANA" wakaziweka pembeni, zenye "Mungu" pembeni nyingine, kumbe kila fungu linasomeka karibu kama hadithi kamili peke yake, ina mwanzo na mwisho wake. Au nenda kwa Yusufu, 37:28 Wamidiani wanapita, Yusufu anauzwa kwa Waishmaeli na hao ndo wanampeleka Misri, halafu aya ya 36 Wamidiani ndo wanamuuza Misri kwa Potifa, ila 39:1 Potifa kamnunua kwa Waishmaeli. Mimi mara ya kwanza kuyasoma haya nilirudia zile aya kama mara nne nikidhani nimeruka mstari.

Anayetajwa sana kwa hili la majina ni Jean Astruc, daktari wa Kifaransa, alichapisha kitabu chake 1753 bila kuweka jina, na cha kushangaza huyu alikuwa anamtetea Musa! Hoja yake ilikuwa kwamba Musa alipata maandishi ya zamani ya mababu akayapanga pamoja. Kabla yake mwanafalsafa Spinoza kule Uholanzi, 1670, alikuwa kashasema wazi kwamba Musa sio mwandishi, akamuelekea Ezra, yule kuhani na mwandishi wa kwenye Biblia, na Spinoza mwenyewe aliegemea kwa rabi wa karne ya 12, Ibn Ezra, aliyefika pale Mwanzo 12:6 panaposema Wakanaani walikuwako katika nchi wakati ule (kama vile anayeandika yuko zama ambazo hawapo tena) akaandika kwamba hapa pana siri, na mwenye kuelewa anyamaze. Halafu 1805 Mjerumani de Wette akasema kile kitabu ambacho kuhani Hilkia alikikuta hekaluni wakati wa mfalme Yosia, ile habari ya 2 Wafalme 22, ni Kumbukumbu la Torati, na hapo wakapata tarehe ya kushikilia, kama 622 KK.

Aliyefunga mzigo wote ni Julius Wellhausen, msomi wa Biblia wa Kijerumani, 1878. Vyanzo vinne, kila kimoja na herufi yake: J anayetumia lile jina takatifu tangu mwanzo (kwa Kijerumani linaanza na J), E anayetumia Elohim, D wa Kumbukumbu la Torati, na P wa makuhani, yule mwenye vizazi, vipimo vya hema na sheria za sadaka. J na E aliviweka enzi za wafalme, D karne ya 7 KK, P baada ya uhamisho wa Babeli, yaani Wayahudi walipopelekwa mateka karne ya 6 KK. Mwaka 1882 akaacha mwenyewe ualimu wa theolojia pale Greifswald, akisema kazi yake haiwaandai wanafunzi kwa utumishi wa kanisa. Mtu wa namna hiyo namheshimu hata nisipokubaliana naye.

Na hii habari sio ya Ulaya peke yake. Askofu John William Colenso wa Natal, Afrika Kusini, alikuwa anatafsiri Biblia kwa Kizulu akisaidiwa na William Ngidi, Mzulu, na walipofika kwenye gharika Ngidi akamuuliza kwa dhati, haya yote ni kweli? Wanyama wa nchi za joto na za baridi wote waliingia humo? Colenso akajikuta hawezi kumtazama usoni akamjibu ndiyo. Kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu, akachukua wale wanaume 603,550 wa Hesabu 1:46 na agizo la Walawi 8 kwamba mkutano wote ukusanyike mlangoni pa hema, akapiga hesabu akaona wangejipanga kwa upana wa hema foleni ingefika karibu maili 20. Alianza kuchapisha 1862, 1863 akahukumiwa na askofu wa Cape Town kwa uzushi na kuvuliwa cheo, 1865 baraza la rufaa kule London likasema hukumu ile haina nguvu.

Dini nazo hazikujibu kwa sauti moja. Wayahudi wa Orthodox, wale wanaoshika mapokeo ya zamani, wanasimama na Rambam (Maimonides), rabi wa karne ya 12, ambaye nguzo ya 8 katika zile 13 alizoweka ni kwamba Torati yote imetoka mbinguni kwa mkono wa Musa. Kanisa Katoliki 1906 kamati yake ya Biblia ilimtetea Musa ila ikakubali angeweza kutumia waandishi na maandishi ya zamani, 1943 Papa Pius XII akaruhusu wasomi wachimbe aina za uandishi, na leo vyuo vingi vya Kikatoliki vinafundisha vyanzo bila kelele. Walokole wengi wanashika Yohana 5:46 ambapo Yesu anasema Musa "aliandika habari zangu", pamoja na Kumbukumbu 31:9 panaposema Musa aliiandika torati hii, na sura ya 34 wanampa Yoshua, yaani rai ile ile ya Talmudi.

Kwa Waislamu Taurati ni kile alichoteremshiwa Nabii Musa, na vitabu vitano vya leo ni suala lingine, kuna ulamaa wanaosema kilichopotoshwa ni tafsiri, yaani maana, na wengine wanasema maneno yenyewe. Ibn Hazm, mwanachuoni wa Kiislamu wa Cordoba kule Hispania, karne ya 11, alichambua migongano ya Torati kwa ukali miaka 800 kabla ya Wellhausen. Ila hapa niseme kitu kwa ndugu zangu wahadhiri: ukimleta Wellhausen uwanjani, huyo hasemi kwamba Musa alipewa kitabu kikaja kuharibiwa. Anasema sheria nyingi zilitungwa karne nyingi baada ya Musa. Hiyo inakugusa wewe kama inavyomgusa mchungaji.

Na wasomi wenyewe sasa hivi hawako pamoja. Umberto Cassuto, msomi Myahudi wa Italia, 1934, aliikataa nadharia yote akisema majina ya Mungu yanabadilika kufuata maana. Kuanzia miaka ya 1970 wengi Ulaya wakaacha E kabisa, wengine wanaona vipande vipande vya simulizi vilivyounganishwa polepole, huku kuna kundi Israeli na Marekani limerudi kutetea vyanzo vinne kwa hoja mpya. Mtu akikwambia "sayansi imeshathibitisha" muulize ya nani.

Mwaka 1979 mwanaakiolojia Gabriel Barkay alichimba makaburi ya Ketef Hinnom, Yerusalemu, wakapata vibati viwili vyembamba vya madini ya fedha vimekunjwa vidogo kama hirizi, kuvikunjua tu ilichukua miaka. Ndani, kwa maandishi ya kama mwaka 600 KK, yamo maneno yanayofanana na Hesabu 6, yale mchungaji anayosema mkiwa mmesimama tayari kutoka, BWANA akubarikie na kukulinda. Sura hiyo Wellhausen aliihesabu kwenye P, cha mwisho kabisa. Wanaomtetea Musa walifurahi, wasomi wakajibu kwamba baraka inaweza kuwa ya zamani kuliko kitabu kilichoibeba, na kutoka Musa mpaka hiyo fedha bado kuna kama miaka 600 au zaidi.