Dubu Mweupe na Pengwini Hawakai Pamoja

Jioni moja Kibokoni, kwenye kahawa tungu, ami mmoja alituonyesha picha kwenye simu: dubu mweupe na pengwini juu ya barafu moja. Ameanza kudunduliza pesa za safari ya meli, na anataka kuwaona wote kwa mpigo. Ami, picha hiyo ni ya kutungwa.

Dubu weupe wako kaskazini tu, pande za Aktiki. Pengwini wa barafuni wako Antaktika, kusini. Hata misimu ya safari za meli za kuwaona haikutani. Sisi wa pwani tunaweza kuikumbuka kwa pepo zetu, ila kwa kugeuza: kaskazi ikivuma, meli zinakwenda kusini, kusi ikishika, Juni hadi Agosti, zinakwenda kaskazini, kwa mfano visiwa vya Svalbard, Norwei.

Za Antaktika nyingi hung'oa nanga Ushuaia, Argentina, na kuvuka mlango-bahari wa Drake kwa takriban siku mbili. Bahari ile huwatapisha hata mabaharia. Ukifika, hushuki ovyo: watu wasizidi 100 nchi kavu mahali pamoja kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu. Kwa hiyo uliza idadi ya abiria kabla ya bei. Pengwini humsogelei chini ya mita 5; akikujia mwenyewe, tulia.

Na kama haja ni pengwini tu, ami, wako Boulders karibu na Cape Town, mchangani, juani, bila koti zito.