Simba Wasiofugika, timu ya taifa ya Kameruni: rekodi za Milla na zisizo zake

Dhana: Roger Milla, mshambuliaji wa Kameruni, ndiye aliyewafunga Argentina katika Kombe la Dunia la 1990.
Bao lile la Milano, tarehe 8 Juni, ni la François Omam-Biyik, dakika ya 67. Mpira wa adhabu ulitoka kushoto, Makanaky akauinua kwa mguu, Omam-Biyik akaruka juu ya beki na kuupiga kichwa. Hakikuwa kichwa kikali. Kipa Pumpido aliufikia mpira, ukamponyoka, ukavuka mstari. Kameruni walikuwa kumi uwanjani, maana André Kana-Biyik, ndugu wa mfungaji, alikula kadi nyekundu dakika ya 61. Walimaliza wakiwa tisa. Milla aliingia dakika ya 82, bao likiwa tayari wavuni.

Mabao yake ya fainali zile ni 4: mawili kwa Romania, mawili kwa Kolombia, na yote aliyafunga akitokea benchi. Hilo ndilo la kumsifia, halihitaji kuongezewa la mwenzake.

Dhana: Ndiye mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko wote waliocheza Kombe la Dunia.
Ilikuwa kweli mwaka 1994, alipowafunga Urusi akiwa na miaka 42, Kameruni wakilala 6-1. Faryd Mondragón wa Kolombia akampita mwaka 2014 akiwa na 43, kisha Essam El-Hadary wa Misri mwaka 2018 akiwa na 45, na siku hiyo El-Hadary akaokoa penalti. Hao wote wawili ni makipa. Kwa kufunga bao, rekodi bado ni ya Milla.

Dhana: Basi ndiye mfungaji bora wa Kameruni.
Ni Samuel Eto'o, mabao 56 katika mechi 118. Kwa idadi ya mechi anaongoza beki Rigobert Song, 137.

Dhana: Mabao 8 ya Vincent Aboubakar, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) iliyochezwa Kameruni mwanzoni mwa 2022, ni rekodi ya mashindano.
Rekodi ya michuano ya mwaka mmoja iko Kongo, zamani Zaire. Ndaye Mulamba wa Zaire alifunga 9 mwaka 1974 nchini Misri. Fainali na Zambia iliisha 2-2 ikarudiwa, Zaire wakashinda 2-0, na mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili aliyafunga yeye.