Si kila koti jeupe ni daktari

Ukiingia wadi ya hospitali ya kufundishia hapa Uganda utasikia neno moja la Kiganda likiitwa kila upande: "Musawo!" Anaitwa hivyo profesa, anaitwa hivyo nesi, anaitwa hivyo na kijana wa mwaka wa tatu ambaye stethoskopu yake bado inang'aa. Sisi wa Kiswahili, kuanzia Bombo na Arua hadi kwa ndugu zetu Wakongo wa Nakivale na Kyangwali, tuna neno letu: "daktari". Ni neno la heshima na halina ubaya. Shida ni kwamba mgonjwa akiwaita wote kwa jina moja, hajui swali gani amwulize nani, wala hajui kama maneno aliyoambiwa asubuhi yametoka kwa mwenye uamuzi au kwa mtu aliyekuja kujifunza.

Mimi ni mhadhiri wa magonjwa ya ndani katika shule ya udaktari. Nimezunguka wadi miaka mingi nikiwa na kundi la wanafunzi nyuma yangu, na nakiri kwamba sura ya raundi inatisha: mgonjwa amelala, watu kumi wamemzunguka, Kiingereza kinapita juu ya kichwa chake, kisha wote wanahamia kitanda cha pili. Nataka aliyelala pale, na ndugu aliyeketi kwenye mkeka kando yake, wawajue watu hao.

Udaktari kwetu husomwa miaka mitano. Miaka ya mwanzo ni ya darasani na maabara: jinsi mwili ulivyoumbwa, unavyofanya kazi, unavyoharibika, na dawa zinavyofanya kazi ndani yake. Baada ya hapo mwanafunzi huletwa wadini, ambako huzungushwa kutoka idara hadi idara, magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, afya ya akili. Huyu ndiye atakayekujia na daftari akuulize ugonjwa ulianza lini, umekula nini, nyumbani mko wangapi. Atakuuliza mambo ambayo mwenzake alikwishakuuliza jana. Usimchoke. Mara nyingi yeye ndiye mtu pekee katika wadi nzima mwenye nafasi ya kukaa nawe nusu saa, na nimeona zaidi ya mara moja mwanafunzi akileta neno ambalo sisi wakubwa tulilikosa kwa haraka zetu. Lakini hana ruhusa ya kukuandikia dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Akishahitimu, anafanya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Huyo ndiye intani. Ni daktari tayari, ila bado ana msimamizi, na usiku wa manane ndiye utakayemwona akikimbia kutoka kitanda hadi kitanda. Wananchi wamesikia migomo ya maintani kuhusu posho. Waliosimama nao zamu ya usiku wanajua kwa nini wanalalamika. Juu yake yuko daktari aliyerudi shule kusomea ubingwa, kazi ya miaka mitatu au zaidi, na huyu ndiye anayeshika wadi siku hata siku. Kisha daktari bingwa, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho. Katika hospitali ya kufundishia, bingwa mara nyingi ni mhadhiri vilevile, na ndiyo sababu utamsikia akimwuliza mwanafunzi maswali makali mbele yako. Anapouliza hivyo si kwamba hajui ugonjwa wako; anampima kijana.

Nimewaacha manesi kwa makusudi, kwa sababu nina deni kwao.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Alilazwa mama mmoja mfanyabiashara wa samaki wakavu, mwenyeji wa upande wa Koboko, Kiganda chake cha kubahatisha na Kiingereza hana. Mimi ndiye niliyepewa kuchukua maelezo yake, maana ilijulikana kwamba nazungumza Kiswahili. Akaniambia, "Mwanangu, naumwa na chembe cha moyo, wiki ya tatu sasa." Nikasikia moyo. Nikaandika kwenye faili: maumivu ya moyo, wiki 3. Raundi ilipofika nikasoma kwa sauti ya kujiamini, na mipango yote ikaelekea kwenye moyo. Mama alitutazama mmoja mmoja bila kuelewa tunazungumza nini juu yake.

Sista wa wadi, yaani nesi msimamizi wa pale, alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mzima, amelelewa kwenye kambi za askari ambako Kiswahili ndicho lugha ya watoto wote. Akainama akamwambia, "Mama, weka kidole chako hapo panapouma penyewe." Yule mama akaweka kidole, si kifuani kushoto, bali chini kabisa ya mfupa wa kifua, pale tumbo linapoanzia. Hapo ndipo Waswahili wanapaita chembe cha moyo tangu zama, na mimi, mwenye Kiswahili cha kujivunia, sikujua. Sista akaendelea: unakula nini, usiku kunakuwaje, unameza dawa gani? Ikatoka kwamba mgongo ulikuwa ukimsumbua kwa kubeba magunia, na kwa miezi kadhaa alikuwa akinunua vidonge vya maumivu dukani na kuvimeza bila chakula. Baadhi ya vidonge vya namna hiyo hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo, na vidonda huota. Ndivyo vilivyokuwa vikimuuma.

Naongeza neno la kitaalamu ili nisimpoteze mtu: maumivu ya chembe cha moyo huweza mara nyingine kutoka kwenye moyo wenyewe, hasa kwa mtu wa makamo, mwenye presha au kisukari. Kuupima moyo wake hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuandika ninachodhani badala ya kumwomba aonyeshe kwa kidole. Tangu siku ile hakuna mwanafunzi wangu anayeniletea neno "moyo", "roho" au "homa" bila kunionyesha mgonjwa alipoweka mkono wake, maana homa ya mtu aliyekulia Kenya yaweza kuwa mafua, na ya mtu mwingine ni joto la mwili.

Kwa hiyo ukiwa wadini na kuna jambo unaona halijaeleweka, mwite nesi. Nesi yuko nawe saa zote, sisi tunapita. Na ukiona lugha imekwama, sema wazi: "Nitafutieni mtu wa Kiswahili." Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, na katika kundi la wanafunzi mara nyingi hakosekani anayekijua. Usikubali mtoto wako wa miaka kumi awe mkalimani wa ugonjwa wa mama yake. Kuna maneno ambayo mtoto hatayatamka, na mengine hapaswi kuyabeba.

Watu huniuliza: kwa nini wanafunzi wajifunzie kwangu? Jibu langu ni kwamba udaktari wa nchi hii umejengwa na wagonjwa. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja aitwaye Robert Felkin, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, mganga wa Kinyoro akimpasua mwanamke kijana aliyeshindwa kujifungua. Mganga alimlewesha mgonjwa kwa pombe ya ndizi, akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo na kuosha tumbo kwayo, akamtoa mtoto, akazuia damu kwa chuma cha moto, akafunga jeraha kwa pini saba za chuma na kamba za magome, juu yake akapaka dawa ya mizizi. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona. Wakati huo Ulaya upasuaji wa namna ile ulikuwa ukiwaua wanawake wengi. Felkin aliyaandika na kuyachapisha Edinburgh mwaka 1884. Mwanafunzi alikuwa yeye. Mwalimu alikuwa Mnyoro, na mgonjwa ndiye aliyefanya somo liwezekane. Majina yao wawili hayakuandikwa, na hilo bado linaniuma.

Shule ya udaktari ya Makerere ilianza mwaka 1924 pale hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari wa watoto Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt aje kumtazama mtoto aliyevimba taya, juu na chini, pande zote mbili. Burkitt hakuwahi kuona uvimbe wa namna ile. Baada ya muda mfupi akiwa Jinja akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule, na alipompapasa tumbo akakuta uvimbe humo pia. Akaanza kufukua mafaili, akaandika kuhusu ugonjwa huo mwaka 1958, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari na wenzake wawili maili 10,000 hivi, hospitali hadi hospitali, kuuliza unaonekana wapi na wapi hauonekani. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vilivyopelekwa London ndivyo vilivyowawezesha wataalamu, mwaka 1964, kuona virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo ugonjwa huo, uitwao saratani ya Burkitt, hutibika kwa dawa, na watoto wengi hupona wakiletwa mapema. Mzazi ukiona taya la mtoto linavimba au meno yanalegea bila sababu, usingoje, na usimpeleke kung'olewa jino kwanza.

Lakini kufundisha kwa mwili wa mtu kunataka ridhaa yake. Una haki ya kumwuliza yeyote anayekusogelea: wewe ni nani, uko mwaka wa ngapi, nani anakusimamia? Una haki ya kusema hapana kwa mwanafunzi, na kukataa huko hakukuondolei matibabu hata kidogo. Akikuambia vinginevyo mtu yeyote, mwite matroni, mkuu wa manesi. Kwa mambo ya sehemu za siri au chumba cha kujifungulia, ridhaa iombwe peke yake, si ijumlishwe na karatasi ya upasuaji, na awepo nesi mahali hapo. Mimi nakuomba ukubali pale unapoweza, kwa sababu daktari atakayempokea mjukuu wako Yumbe au Moroto anajifunza leo kwako. Ila ombi ni ombi.

Utafiti ni jambo jingine kabisa, na hapa watu huchanganya. Mtu wa utafiti huweza kuvaa koti lilelile na kukaa kwenye benchi lilelile. Kila utafiti lazima uwe umepitishwa na kamati ya maadili na kuandikishwa kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Anayekuomba ushiriki anatakiwa akueleze kwa lugha unayoielewa utafanyiwa nini, damu kiasi gani, faida na madhara ni yapi, na kwamba waweza kujitoa siku yoyote bila kuulizwa kwa nini. Hujui kusoma? Awepo shahidi uliyemwamini, asomewe naye, ndipo uweke dole gumba. Nakala yako ondoka nayo. Karatasi ya kukubali matibabu haimpi mtu ruhusa ya kukutafiti.

Wako watu wengine ambao mgonjwa hawaoni. Mtaalamu wa maabara anayeinamia darubini kutafuta vijidudu vya malaria katika tone la damu yako. Akikosea yeye, sisi wote tunakosea naye. Mtunza mafaili. Mwosha wadi, ambaye huingia kwanza na kutoka mwisho, na ambaye wanafunzi wangu nawalazimisha kumsalimu kwa jina. Na fundi wa chumba cha anatomia, mtu wa kimya, anayetunza maiti ambazo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hujifunzia. Nyingi ni za watu waliofia hospitali na hawakupata ndugu wa kuwadai. Fundi wetu huwasimamisha vijana mlangoni siku ya kwanza, huwaambia wavue kofia na wanyamaze, na huwakumbusha kwamba aliyelala pale alikuwa na mama. Wengine hulia. Mimi nililia.

Kuhusu yule mama wa Koboko: alipata nafuu, na siku moja kabla ya kuruhusiwa mwalimu wetu akataka wanafunzi wengine wajifunze kupapasa tumbo kwake. Safari hii sista alisimama akamwuliza kwa Kiswahili kwanza, taratibu, akamweleza wako saba na kwamba anaweza kukataa. Mama akatufikiria kwa muda, kisha akaketi vizuri, akafunga leso yake upya.

"Waje wanangu," akasema. "Ila wanawe mikono kwanza, mmoja mmoja, nikiwaona."

Tukapanga foleni kwenye bomba la wadi.