Mkono Unaopima Kabla ya Kutibu

Wagonjwa wengi wazungumzao Kiswahili wanaofika kwangu hapa Marekani huanza na swali moja: mimi ni daktari au mkandaji? Nawaelewa, kwa sababu jibu hutegemea nchi. Kazi yangu ni osteopathia, yaani tiba inayotumia pia mikono kupima na kutibu misuli na viungo. Hapa, mwenye herufi D.O. (daktari wa osteopathia) baada ya jina lake ni daktari kamili, aliyesomea udaktari miaka 4 na kuendelea na mafunzo ya hospitalini. Huandika dawa na, akibobea, hufanya upasuaji. Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1993 inasimamia kazi hii, mtaalamu wa osteopathia si daktari wa aina hiyo, bali hutibu hasa kwa mikono.

Mwanzilishi wa osteopathia, Andrew Taylor Still, alikuwa tabibu ambaye mwaka 1864 alifiwa na watoto 3 kwa homa ya uti wa mgongo, huku dawa za zama zile zisimfae kitu. Mwaka 1892 alifungua chuo Kirksville, Missouri. Imani yake kwamba maradhi kwa jumla huanzia katika hitilafu za mifupa haikusimama mbele ya sayansi, na ni wajibu wetu kulisema hilo waziwazi. Alichotuachia chenye thamani ni mazoea ya kumpima mtu mzima kwa mkono uliotulia.

Mgonjwa wa kiuno akilala kifudifudi, naweka viganja pande zote mbili za uti wa mgongo na kungoja kidogo kabla ya kubonyeza, kwa maana msuli uliokaza hujitambulisha wenyewe: huwa mgumu kama kamba iliyovutwa, na mara nyingi mwenyewe hushtuka nikiufikia. Kisha humgeuza chali, nikauinua mguu wake hadi unapogoma, nikamwomba ausukume taratibu dhidi ya mkono wangu kwa sekunde 5 hivi, halafu aulegeze. Hapo mguu hukubali kupanda kidogo zaidi, nasi hurudia mara 3 au 4. Hakuna nguvu wala maumivu makali katika jambo hilo.

Wengine husubiri ule mlio wa kiungo wakiamini kuwa mfupa umerudi mahali pake, ilhali mlio huo hutokana na gesi katika ute wa kiungo. Usiposikika, tiba haijashindwa. Nafuu ya maumivu ya kiuno kwa njia hii ipo, ingawa ni ya kadiri, na huenda vizuri zaidi pamoja na mazoezi. Lakini mikono haitibu shinikizo la damu wala kisukari, na dawa za maradhi hayo zisiachwe kwa sababu yake.

Tena si kila mgongo unaofaa kushikwa. Mtu akiniambia kwamba amepata ganzi kwenye msamba, au kwamba haja ndogo imeanza kuziba au kumtoka bila kujua, simlazi kitandani kumkanda. Namkimbiza idara ya dharura saa hiyo hiyo, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyobanwa mwisho wa uti wa mgongo huhitaji mpasuaji upesi.