Haikuwa tramu, na haikuuawa na umeme

Juzi tena. Picha ile ile imerushwa kwenye kundi la WhatsApp la mafundi: basi jekundu la ghorofa, fimbo mbili zimeinuka paani kama vipapasio vya panzi, na chini yake maneno, "Tramu ya zamani ya London. Waliiacha kwa sababu umeme ukikatika mji mzima unasimama. Sisi je, na umeme wetu huu?" Vidole gumba vikamiminika. Mimi kazi yangu ni nyaya za juu za treni, na wikendi najitolea kwenye makumbusho ambako trolibasi za London, yaani mabasi ya umeme wa nyaya za juu kama hilo la pichani, bado zinatembea. Mke wangu akiniona nimeshika simu na kushusha pumzi huuliza kabla sijafungua mdomo, "Wamesema tramu tena?"

Wamesema tramu tena.

Basi tuanzie hapo. Tramu ni treni ya mtaani; ina reli. Umeme unashuka kutoka kwenye waya, unapita kwenye mota, unaingia kwenye magurudumu ya chuma na kurudi kituoni kupitia reli. Waya mmoja unatosha. Sasa ng'oa reli, weka matairi ya mpira. Mpira haupitishi umeme, kwa hiyo mkondo hauna pa kurudia. Ndiyo maana trolibasi ina waya wa pili, na fimbo ya pili. Fimbo mbili maana yake hakuna reli. Mtu yeyote aliyewahi kufunga taa nyumbani angepaswa kuliona hilo kwenye picha bila kuambiwa.

(Nakiri, kanuni hiyo ina tundu, na lazima kuna mjuaji atakayelitaja. Tramu za kusini mashariki mwa London zilizopita karibu na Royal Observatory ya Greenwich, kituo cha kuchunguzia nyota, zilikuwa na nyaya mbili, kwa sababu umeme uliorudi kupitia ardhini ulivuruga vipimo vya sumaku vya wanasayansi wale. Na katikati ya jiji tramu nyingi hazikuwa na waya juu hata mmoja: umeme ulipita kwenye mfereji chini ya barabara, katikati ya reli. Haya, tumemaliza.)

Wazee wa Mombasa wana udhuru. Kwao troli ilikuwa kigari kidogo juu ya reli nyembamba, abiria wamekaa kivulini na vijana wawili wanasukuma kwa miguu. Reli bila umeme. Ile ya London ni umeme bila reli. Neno moja, vitu viwili vilivyopishana kabisa. Lakini wanaorusha picha si wazee wa Mombasa.

Kinachonikera zaidi ni picha nyingine, ile ya njia panda yenye mtandao wa nyaya angani, na watu wanaandika, "Ona vurugu." Ile si vurugu. Ile ndiyo kazi yenyewe. Fikiria: una nyaya mbili, chanya na hasi, zimeachana kama sentimita 60, volti 600 hivi za DC (mkondo usiobadili mwelekeo) kati yake. Barabara mbili zikikatana, chanya ya njia hii lazima ivuke hasi ya njia ile. Zikigusana, una mlipuko na giza. Kwa hiyo pale zinapokutana unaweka kipande kisichopitisha umeme, na kwenye kipande hicho basi halina nguvu. Linapita kwa kuserereka tu. Dereva anatakiwa ainue mguu kwenye pedali kabla ya kufika, apite, kisha akanyage tena. Akisahau, juu ya paa kunamulika buluu kama fundi wa kuchomelea, na kila mara inapomulika hivyo shaba inaliwa kidogo. Akienda polepole mno anakwama hapo hapo kwenye kipande kisicho na umeme, na foleni nzima inamtazama.

Halafu kuna swichi za nyaya, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Kwenye nyingi, kondakta alishuka, akavuta mpini kwenye nguzo ya kando ya barabara, akaushikilia hadi fimbo zote mbili zipite, kisha akakimbilia basi lake. Dereva akipita kwa kasi, au mpini ukiachiwa mapema, fimbo zinachomoka na kuchapa hewa. Hapo kondakta anavuta mwanzi mrefu uliohifadhiwa chini ya basi, wenye ndoano kwenye ncha, na kuzirudisha moja moja huku amekunja shingo. Nimeifanya kazi hiyo kwenye mvua. Mara ya kwanza ilinichukua muda wa aibu. Makondakta wa London waliifanya huku abiria wakigonga kengele.

Hilo ndilo tatizo ambalo watu hulikuza. Ndiyo, fimbo zilichomoka. Lakini zilichomoka mahali panapojulikana, kwa sababu zinazojulikana. Njia iliyotunzwa vizuri na dereva anayeijua haikuleta sarakasi kila kituo. Kero ambayo sisi wa nyaya tungeitaja kwanza hakuna anayeijua: viatu vya kaboni kwenye ncha za fimbo, ambavyo kwenye ukavu hudumu vizuri, na ikinyesha huisha kama chaki.

Sasa "umeme ukikatika mji unasimama". Nyaya hazikuwa uzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa jiji. Zilikatwa vipande vya kama nusu maili, kila kipande kikilishwa na kuzimwa chenyewe, na vituo vya kupoza umeme vilitapakaa mjini. Waya ukidondoka mtaa mmoja, mtaa wa pili unaendelea. London Transport, shirika la usafiri wa jiji, pia ilikuwa na mitambo yake ya kuzalisha umeme, Lots Road na Greenwich, ingawa maeneo mengine ilinunua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mabomu yalikata nyaya usiku na mafundi walizirudisha. Na faida ilikuwa kubwa: dizeli ililetwa kwa meli zilizokuwa zikizamishwa baharini, umeme ulitoka kwenye makaa ya mawe ya hapo hapo Uingereza. Magari 43 yaliyotengenezwa kwa ajili ya Durban na Johannesburg hayakuvuka bahari kabisa. Yalibakizwa London na kupewa depo ya Ilford, kwa kibali maalumu kwa sababu yalikuwa mapana kuliko ilivyoruhusiwa. Hakuna mji unaochukua mabasi ya wenzake kwa teknolojia inayoshindwa.

Historia yenyewe kwa haraka, maana tarehe kila mtu anaweza kuzitafuta. Kwa Uingereza, miji ya Bradford na Leeds ilitangulia kuwa na trolibasi, 1911. London ilijaribu gari moja kwenye uwanja wa depo kule Hendon mwaka 1909, ikakaa kimya zaidi ya miaka 20, kisha tarehe 16 Mei 1931 huduma ikaanza kati ya Twickenham na Teddington, kwa magari 60 yaliyopewa jina la utani la Diddler. Mwaka 1933 mabasi, tramu, trolibasi na treni za chini ya ardhi vikawekwa chini ya bodi moja, ndiyo London Transport, na bodi hiyo ikaamua tramu zife. Trolibasi ndiyo ilikuwa dawa: unang'oa reli, unaachana na wajibu wa kisheria wa kutunza barabara katikati ya reli na kando yake, lakini unabaki na depo zako na umeme wako. Kati ya 1935 na 1940 walijenga kama wendawazimu. Kwenye kilele kulikuwa na njia 68 na magari 1,811, na kwa muda mrefu hapakuwa na mtandao mkubwa zaidi duniani, hadi Moscow ilipoupita.

Hebu soma tena miaka hiyo. 1935 hadi 1940. Mtandao huu haukuuawa na umeme. Uliuawa na kalenda. Karibu magari yote yalinunuliwa ndani ya miaka mitano, kwa hiyo karibu yote yangezeeka pamoja. Na vita viliukata mradi katikati: kaskazini, mashariki na magharibi zilishapata trolibasi, sehemu kubwa ya kusini ikabaki na tramu. Vita viliisha 1945, na mwaka 1946 ikaamuliwa tramu zilizobaki zipishe mabasi ya dizeli, si trolibasi. Tramu ya mwisho ya enzi ile ikalala Julai 1952. Kwangu mimi hapo ndipo kaburi lilipochimbwa, miaka 10 kabla ya mazishi. Kuanzia hapo trolibasi ikawa mke wa pili kwenye nyumba ya dizeli: mafundi wake wa peke yake, vipuri vyake vya peke yake, nguzo zake kila mtaa, halafu kila mwaka anaulizwa kwa nini ana gharama.

Mwaka 1954 uamuzi wa kuziondoa trolibasi ukatangazwa. Mwaka huo huo Routemaster ya kwanza ikaonyeshwa, basi la dizeli lililobuniwa hasa kushika nafasi yao. Uondoaji ulianza tarehe 4 Machi 1959, awamu 14, na ukaisha usiku wa tarehe 8 Mei 1962 kwenye depo ya Fulwell, pale pale Diddler zilipoanzia. Namba 1 ya 1931 ililetwa kwa safari ya kuaga.

Wapenzi wenzangu wa trolibasi hapa wangependa niseme dizeli ilikuwa upumbavu. Siwezi kusema hivyo kwa moyo mweupe. Abiria walikuwa wanapungua, televisheni na magari binafsi yakiingia majumbani. Mgomo wa mabasi wa 1958, kuanzia mwanzoni mwa Mei hadi Juni 20, ulifukuza wengine ambao hawakurudi. Barabara zilianza kufanywa za upande mmoja, na kila badiliko lilimaanisha kuhamisha nguzo na nyaya wakati basi la dizeli linapinda tu kona mpya. Watu walikuwa wanahamishiwa vitongoji ambako hapakuwa na waya hata mmoja. Ningekuwa mezani mwaka 1954, na mahesabu yale mbele yangu, nadhani ningesaini. Ninachobishia ni mahesabu yenyewe: ukiitwisha trolibasi gharama ya nguzo na nyaya zote, halafu dizeli usiitwishe hata senti ya moshi wake, utapata jibu unalolitaka. Lakini mwaka 1954 nani alikuwa anahesabu moshi?

Abiria walihesabu viti. Trolibasi ya kawaida ya London, ile ya ekseli tatu, ilikuwa na viti 70. Awamu za kwanza zilipewa mabasi ya dizeli ya aina ya RT, yenye viti 56. Routemaster ilipofika ilikuwa na 64. Na hakuna hata moja lililopanda kilima cha Highgate kama trolibasi za njia ya 611, zilizofungwa breki za ziada ili zisirudi nyuma, zikapanda kimya huku dizeli zikikohoa gia kwa gia.

Kuhusu hoja kwamba zilikuwa zimepitwa na wakati: baada ya vita London ilinunua trolibasi 127 za aina ya Q1, mpya kabisa, za mwisho mwaka 1952. Zile hazikuwa zimezeeka. 125 kati yake ziliuzwa Hispania mwaka 1961, zikahamishiwa milango upande wa pili kwa sababu kule wanaendesha kulia, na zikafanya kazi Bilbao, San Sebastián, Zaragoza na miji mingine hadi miaka ya 1970. Routemaster zilizokuja badala yake ziliendelea kusifiwa kama alama ya London. Q1 ziliendelea kubeba Wahispania kwenda sokoni, fimbo mbili juu, reli hakuna.