Viunga vya Mji Visivyo na Njia ya Mkato

Chukua ramani ya kiunga kilichojengwa kwa barabara zisizotokea, yaani zinazoishia mtaani bila kuungana na nyingine, utafute nyumba mbili zilizopeana mgongo, ua mmoja katikati. Mtoto akitaka kwenda kucheza kwa mwenzake, kwa macho ni mita ishirini. Kwa miguu inambidi atoke hadi barabara kuu, aifuate, kisha aingie upya upande wa pili, pengine kilomita nzima. Ndipo mzazi anapowasha gari.

Sisi wapangaji miji tuna lawama hapa. Barabara isiyotokea ilikusudiwa kuzuia magari ya wapita njia yasikatize mbele ya nyumba za watu, na hilo ni jema. Kule Radburn, New Jersey, Marekani, mji ulioanzishwa mwaka 1929, upande wa pili wa nyumba zilipita njia za miguu zilizofika bustanini na shuleni, tena mojawapo ikipita chini ya barabara ya magari. Walioiga baadaye walichukua barabara, njia wakaziacha.

Sheria za ardhi zikaongeza umbali. Mwaka 1926, katika kesi ya Euclid, Ohio, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu miji kutenga maeneo: huku makazi, kule biashara, kwingine viwanda. Kuweka kiwanda mbali na watu waliolala ni busara. Lakini duka na zahanati vilifukuzwa pamoja nacho, na mzee aliyeacha kuendesha gari akabaki kama mfungwa nyumbani kwake. Basi nalo haliji, maana nyumba zimetawanyika mno kulipatia abiria.

Kurekebisha si lazima kubomoa. Ukanda wa mita tatu kati ya viwanja viwili, penye mwisho wa barabara, ukiwekewa sakafu ngumu na taa, unatosha kuwa njia. Kule Houten, Uholanzi, gari likitoka mtaa hadi mtaa huzungukia barabara ya nje. Baiskeli hukata katikati. Minneapolis, Marekani, nayo ilianza mwaka 2020 kuruhusu hadi makazi matatu kwenye kiwanja kilichotengewa nyumba moja. Na duka la kona liruhusiwe.

Kwa kiunga kipya, ramani ikibandikwa ili wananchi watoe maoni, nenda na uzi. Ulaze juu ya barabara, kona kwa kona, kutoka nyumba ya mbali hadi shuleni. Mita 400 ni kama dakika tano za mtu mzima. Uzi, kwa kipimo cha ramani, ukizidi sana hapo, dai njia za miguu zichorwe kabla viwanja havijauzwa.